Nilikataa Kuandikwa Mlezi

Simu ilikuja nikiwa nakamua, na mimi nikiwa nakamua sipokei simu hata ikitoka mbinguni. Ng'ombe ukimwacha katikati anabana maziwa, na kesho yake bado amenuna. Kwa hiyo aliyepokea ni mke wangu. Akasimama kwenye lango la zizi, simu ameishika mbali na sikio kama kitu kinachong'ata, akasema, "Mama, ni chuoni. Wanamtaka baba yake."

"Baba yake anakamua," nikasema. "Waambie wasubiri."

Hapo najua msomaji ameshasimama. Huyu anayesimulia ni bibi wa watu, anavaa kitenge, meno yamebaki ya kuhesabu, halafu anasema mke wangu, anasema baba yake ni mimi. Ngoja nieleze, maana nisipoeleza mtabaki mnacheka pembeni na hadithi itapita.

Mimi nilizaa mabinti watatu. Mtoto wa kiume sikupata, na mume akafa mapema, alikanyaga msumari akadharau. Wanaume wetu wanadharau sana misumari. Sasa huku kwetu Tarime nyumba isiyo na mwana wa kiume ni nyumba inayosubiriwa. Ndugu wa mume wanakuja kukusalimia huku wanapima mipaka ya shamba kwa macho. Lakini wazee wetu hawakuwa wajinga, waliacha njia. Mwanamke wa namna yangu anachukua ng'ombe walioingia nyumbani kwake kwa kuolewa mabinti zake, anakwenda kuposa, anaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Anaoa kabisa, wazee wamekaa, ng'ombe wametolewa mchana kweupe, pombe imenywewa. Watoto atakaozaa yule msichana ni wa nyumba ya aliyetoa ng'ombe. Mambo ya kulala pamoja hayamo, muondoe hayo vichwani. Mwanaume wa kuleta mimba ni wa kuja na kuondoka. Wa kwetu alitoka upande wa Serengeti, alikuja kutuchimbia choo. Mtu mpole, choo chake kipo mpaka leo. Alikula ugali wetu, akaenda zake, na hajawahi kudai kitu, kwa sababu alijua hana cha kudai.

Basi mke wangu akazaa. Wa kwanza akaja msichana. Watu wa kijiji chetu, Nyamwaga, walicheka mpaka sokoni: bibi ametoa ng'ombe kujinunulia binti wa nne. Baadaye walikuja wavulana wawili na vicheko vikaisha, lakini mimi yule wa kwanza nilikuwa nimeshamshika. Nilisema huyu huyu mliyemcheka ndiye atakayesoma. Mimi mwenyewe shule sikuipata. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la watu wazima, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu, nafundishwa na kijana ambaye mimi ndiye niliyemzalisha mama yake. Kusoma nikakuweza. Kuandika kukanishinda kidogo, maana mkono uliozoea jembe unaishika kalamu kama unataka kuizika.

Mtoto alisoma. Mke wangu aliuza ndizi, akaenda mpaka Matongo kuwapikia wachimbaji wa dhahabu, akarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi. Mimi nilikamua. Mtoto akaingia chuo cha ualimu, mbali, mji wa upande wa pili wa ziwa. Chuo sikitaji jina, sina ugomvi nacho, na huo ugomvi niliokuwa nao uliisha siku ile ile.

Turudi kwenye simu. Walichosema ni kwamba siku ya wazazi baba mwenyewe afike na kitambulisho. Fomu ya mtoto imekutwa na taarifa isiyo sahihi. Karibu wanafunzi wapelekwe shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, na huyu wa kwetu hatakwenda, atarudishwa nyumbani mpaka jambo litakapoeleweka.

Habari kwetu hazihitaji vocha. Kabla jua halijasimama katikati, shemeji yangu alikuwa ameshafika. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, mtoto anamwita babu. Akakaa, akaomba maziwa, akayanywa yote, akafuta mdomo.

"Shemeji," akasema, "wewe sasa ni mzee. Mambo ya chuo ni mambo ya serikali. Mimi nitavaa koti niende. Nitasimama kama baba, niweke sahihi, mtoto asome."

"Utasimama kama baba kwa muda gani?"

"Shemeji, baba hana muda. Baba ni baba."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Mke wangu aliniangalia kwa jicho la kuomba. Yeye alikuwa anaona ni sahihi tu, wino kidogo, mtoto abaki darasani. Lakini mimi nilikuwa najua kitu. Shemeji alikuwa ameshazungumza na mtu mmoja wa Mbalibali mwenye zizi kubwa, mtu aliyefiwa na mke, anatafuta msichana aliyesoma wa kuoa, amwandikie hesabu za ng'ombe. Shemeji akirudi na karatasi ya chuo inayosema yeye ni baba, kesho yake anakaa na wazee kupokea ng'ombe wa binti yake. Na mimi nani atanisikiliza? Tena miaka ya nyuma ni huyu huyu aliyekuja kusema mtoto apelekwe kwa ngariba kukatwa kama wenzake, nikamfukuza na fimbo ya kuchungia. Hilo nalisema wazi, sioni aibu. Fimbo yenyewe ilivunjika.

"Koti lako liache lipumzike," nikamwambia. "Nitakwenda mimi."

"Uende useme nini? Wewe ni mwanamke."

"Hata siku naoa nilikuwa mwanamke, na wewe ulikunywa pombe ya harusi mpaka ukapotea njia ya kwako. Ukalala kwenye mtama. Au umesahau?"

Mke wangu akaingia jikoni haraka. Nilisikia anacheka na sufuria.

Tulikwenda wawili. Safari siisimulii, basi ni basi. Tulibeba unga wa mtama na muhogo, karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho nilikipakata kama mtoto, maana barabara ikikitikisa sana kizibo kinaruka, na mara moja kiliwahi kumrukia padri. Hiyo ni habari nyingine.

Getini tulimkuta mlinzi. Kijana mrefu, kofia imemkaa vizuri. "Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Mmekuja kumwona nani?"

Nikamtajia mtoto. Akafungua daftari lake la wageni. "Wewe ni nani wake?"

"Andika baba."

Akaniangalia, akamwangalia mke wangu, akaangalia nyuma yetu kama kuna mwanaume anayefuata. Lakini mimi nilikuwa nimeshaisikia sauti yake. Mkurya anaweza kuvaa kofia ya nchi yoyote, sauti yake haivuliwi. Nikamsalimia kwa Kikurya. Akanijibu kwa Kiswahili.

Ndipo akainama, akashusha sauti, sasa kwa Kikurya: "Mama, hapa usiseme hayo. Hawa watu hawaelewi. Watatucheka."

"Watatucheka nani? Wewe umo kwenye safari hii?"

Akaandika "bibi". Nililisoma kichwa chini na nikanyamaza, kwa sababu getini si mahali pa kumalizia maneno. Ukimaliza maneno getini, unaingia ndani mtupu.

Mtoto wetu alikuja anakimbia, akapiga magoti, akachukua kibuyu. Amekonda. Wanasema wanawapa ugali kila siku, lakini ugali wa mahindi meupe yaliyokobolewa ni hewa, unashibisha mdomo tu. Nikambariki. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Babu hakuja? Alinipigia, akasema anakuja yeye."

"Babu yako koti linambana," nikasema.

Hakucheka. Akamwambia mama yake, si mimi, "Mama, nimechoka. Tangu fomu zipitiwe habari imetoka. Darasani wananiita Baba Kitenge."

Niseme ukweli, neno hilo liliniingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ofisi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mtu anaweza kubeba kicheko chake mwenyewe miaka yote, lakini ukikuta mtoto amebebeshwa mzigo wako, unauona upya uzito wake. Nilitembea mpaka ofisini bila kuongea, na mimi si mtu wa kutembea bila kuongea.

Mwalimu wa malezi alikuwa mtu wa makamo, miwani, meza imepangwa. Alisimama tulipoingia. Mtu anayesimama kwa wazee hawezi kuwa mbaya kabisa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Tulikaa, mtoto akasimama ukutani. Mwalimu akafungua faili. "Bibi, nadhani baba amepata udhuru?"

"Hajapata. Amekaa mbele yako."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hapa kwenye nafasi ya baba kuna jina la mwanamke."

"Ndilo jina langu. Linganisha na kitambulisho."

Akalinganisha. "Ni kweli ni lako. Lakini tunauliza baba mzazi."

"Baba mzazi ndiye nani?"

"Aliyemzaa mtoto."

"Aliyemzaa ni huyu hapa," nikamwonyesha mke wangu.

"Huyo ni mama."

"Basi aliyebaki ni mimi."

Mke wangu akanifinya paja. Nikaeleza. Nilieleza kama nilivyowaeleza ninyi, mabinti, ng'ombe, wazee, pombe. Choo sikukitaja, nilimwonea haya mtoto. Mwalimu alisikiliza, kisha akafungua dirisha akamwita mlinzi kutoka getini.

"Wewe si mtu wa huko? Hiki kitu kipo kwenu, mwanamke kuoa?"

Mlinzi akaangalia viatu vyake. "Kilikuwepo zamani, mwalimu. Siku hizi kimekwisha."

Nikamgeukia, nikamwuliza kwa Kikurya, "Kwenu hakuna bibi aliyeoa?"

"Yupo. Bibi mdogo."

"Watoto wa mke wake wanaitwa wa nani?"

"Wa kwake."

"Huyo bibi naye amekufa zamani?"

"Hapana, mama. Jumapili nilimtumia hela ya sukari."

"Anasema nini?" mwalimu akauliza.

Mlinzi akavua kofia. "Anasema kipo, mwalimu. Na kweli kipo."

Basi mwalimu akakaa vizuri, akaongea taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani. Akasema hakatai mila za watu. Lakini fomu haina mila, fomu ina nafasi, na nafasi ile inataka mwanaume. Akasema ana njia nzuri ya kutuokoa wote. Atalikata jina langu kwenye nafasi ya baba, aweke mstari, halafu chini aliandike tena kwenye nafasi ya mlezi. Mtoto aende zake mazoezini wiki hiyo hiyo.

"Kubali, mama," mke wangu akasema.

"Bibi, kubali," mtoto akasema kutoka ukutani. "Mlezi si tusi."

Si tusi, najua. Mlezi ni mtu mwema. Shangazi ni mlezi, sista wa kanisani ni mlezi, hata jirani anayekuangalizia mtoto ukienda kisimani ni mlezi kwa saa ile. Lakini mlezi analea cha mtu. Mwenyewe akija na koti lake, mlezi anakabidhi na kushukuriwa. Na ile nafasi ya juu yenye mstari itabaki wazi, na nafasi wazi kwetu haikai siku mbili. Nikamwambia mwalimu hivyo hivyo. Nikamwambia kuna mtu nyumbani anaisubiri nafasi hiyo, na akiipata huyu mtoto hatafundisha darasa lolote, atahesabu ng'ombe wa mtu Mbalibali.

"Bibi, hii karatasi haitoki ofisini kwangu."

"Mwanangu, simu yenu ilifika asubuhi, na kabla ya mchana mtu alikuwa ameshapiga pasi koti. Karatasi zina miguu."

Akapumua. "Sasa mimi nikiacha hivi wakubwa watanihoji. Kwa kanuni, mwanafunzi aliyeandika taarifa isiyo sahihi anarudi nyumbani." Akamgeukia mtoto. "Wewe mwenyewe, siku unajaza fomu, ulidhani unaandika nini?"

Nilikuwa naangalia mikono ya mtoto, amejishika vidole. Hapo ndipo niliogopa, siku nzima ile ni hapo tu. Fomu haikunitisha, mwalimu hakunitisha. Niliogopa huyu akisema "nilikosea" basi nimeshindwa, hata niandikwe baba na rais mwenyewe.

"Niliandika jina la aliyetoa ng'ombe," akasema. Halafu akaongeza haraka, "Lakini kama inaleta shida, mwalimu, andika mlezi."

"Umesikia alichosema kwanza," nikamwambia mwalimu.

Mke wangu, ambaye alikuwa hajasema neno kwa mwalimu tangu tuingie, akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyeolewa. Nilikuwepo. Ni huyu." Akaniachia paja.

Mwalimu akagonga gonga kalamu. Mwishoni akachukua karatasi tupu, akaisukuma kwangu. "Haya. Andika maelezo, bibi. Kwa mkono wako mwenyewe, mtoto asikusaidie. Uandike wewe ni nani wa mwanafunzi na kwa nini. Uweke sahihi. Nitaambatisha kwenye fomu, na mkubwa akiuliza nitamwonyesha."

Nadhani alidhani siwezi. Au labda namsingizia, labda ndiyo njia aliyoiona. Nikaichukua kalamu. Wenzangu wakasubiri. Wazazi wengine walikuja mlangoni, wakaniona nimelala juu ya meza kama fundi cherehani, wakarudi. Mlinzi alikuwa bado amesimama, hakuna aliyemruhusu kuondoka wala aliyemkumbuka. Kila neno nililitamka kwanza mdomoni, nikaliona lilivyo, ndipo nikaliteremsha. Nilisikia mtoto anataka kusogea, mama yake akamrudisha kwa mkono.

Niliandika hivi: "Mimi ni baba wa huyu mtoto. Nirimuoa mama yake kwa ng'ombe wangu mbere ya wazee. Watoto ni wangu. Asitokee mtu kusema ni wake." Nikaweka jina.

Mwalimu akasoma. Akasoma tena. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la kalamu, ukatoka na nyekundu. Walimu ndivyo walivyo, hata barua ya msiba wataisahihisha. Kikurya chetu hakina L. Ulimi ukiifikia unateleza unaangukia kwenye R, na mkono wangu unaandika ulimi unavyosema. Akaizungushia duara R ya "mbere", akaandika L juu yake. Aliporudi kwenye "Nirimuoa" nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hiyo acha."

"Bibi, ni L."

"Najua ni L. Ya kule sawa, rekebisha. Hapa ukirekebisha itakuwa umeandika wewe, na wewe hukuoa mtu kwetu."

Mlinzi akakohoa, akageukia ukutani. Mwalimu alinitazama kwa muda, kiganja changu bado kipo pale, kina nyufa zenye samadi ambayo hata sabuni ya kujaza basi zima isingeitoa. Akafunika kalamu nyekundu. Akachukua muhuri, akauchovya, akanisubiri nitoe mkono, akagonga. Kisha kwenye fomu yenyewe, kando ya jina langu, akaandika, "Tazama maelezo." Hakulikata.

"Mwanafunzi atakwenda mazoezini," akasema. "Na wewe bibi, nikija Tarime naomba maziwa."

"Yapo hapa hapa," nikamwambia, na mtoto akatumwa kikombe.

Tulikula nje, kwenye majani, wazazi wengine pembeni na masufuria yao. Mtoto hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alimmiminia mama yake, akanimiminia mimi, akasema bila kuniangalia, "Ungekubali tu mlezi tungekuwa tumemaliza mapema. Sasa ofisi nzima inajua."

"Ijue."

"Wewe unaondoka kesho, bibi. Mimi ndiye ninayebaki nao."

Nilimsogezea karanga. Wasichana wawili walipita, mmoja akamwita kwa lile jina, Baba Kitenge, kwa sauti ya kuchekesha. Mtoto akageuka, mdomo una maziwa. "Ndiyo," akasema, "na baba mwenyewe ni huyu hapa. Njooni mumsalimie." Wakaja. Walinisalimia shikamoo kwa adabu kabisa, wakakaa, wakala karanga zetu karibu zote.

Tuliporudi nyumbani shemeji alikuwa ameshatangulia kukaa uani, koti mwilini, sijui alikuwa anategemea nini. Akauliza huko chuoni wameniandika nani. Nikamwambia aende akasome mwenyewe, karatasi ipo kwenye faili ina muhuri, na nauli ajitegemee. Halafu nikaingia zizini, maana ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na watu wasiowajua kwa siku tatu, na mmoja alikuwa ameshaanza kununa.